Naibu Asimzidi Kiongozi

Nchi ya Sangwera haina njaa, haina vita, na barabara zake zimefagiliwa vizuri kuliko za kwetu. Nayasema haya mapema ili nisije nikaambiwa kwamba nilikwenda na kinyongo. Nilikwenda kuuza vitambaa vya mapazia. Nilirudi na vitambaa vyangu karibu vyote, na tangu safari ile, watu wakianza kuzungumza barazani habari za nani atagombea cheo gani, mimi huinuka nikaenda zangu.

Kitu cha kwanza anachoonyeshwa mgeni huko ni Njia ya Viongozi. Ni barabara ndefu inayoingia mjini, na kando yake zimesimamishwa sanamu za wote waliowahi kukiongoza Chama cha Kamba Moja, ambacho ndicho chama na ndicho serikali. Sanamu ya kwanza ni ya mtu mkubwa ajabu, kifua wazi, mdomo umefunguka kama anayehutubia. Ya pili inamfika begani. Ya tatu inamfika begani huyo wa pili. Unatembea hivyo huku kichwa chako kikizidi kuinama, mpaka unafika kwa Kiongozi wa sasa, Mheshimiwa Ngwamba, ambaye sanamu yake niliipita mara ya kwanza nikidhani ni jiwe la kufungia mbuzi.

Nilimuuliza mwenyeji wangu kama wachongaji waliishiwa mawe. Akasema hapana, kila sanamu imechongwa kwa kipimo cha haki.

"Zamani watu walikuwa wakubwa," akaniambia, na hakuna aliyewahi kunipa maelezo mengine.

Mwenyeji huyo aliitwa Shekuwe Mandara. Sangwera hakuna nyumba za wageni, kwa hiyo karani wa mji alinipeleka kwake nikalale huko, na nashukuru kwa hilo, kwa maana mkewe, Bi. Mwanate, alinipokea kama ndugu aliyechelewa. Karani hakufanya hivyo kwa wema. Sheria yao inataka uchaguzi wa Naibu Kiongozi ushuhudiwe na mgeni, kwa sababu kila Msangwera ana upande wake na hawaaminiani macho. Mgeni pekee mjini nilikuwa mimi. Nilijitetea kwamba siasa siijui, naye karani akasema hiyo ndiyo sifa inayotakiwa.

Sasa niieleze sheria yenyewe, maana bila hiyo mambo mengine yote yataonekana wazimu, na kwao si wazimu hata kidogo. Imeandikwa juu ya mlango wa kila ofisi: Naibu asimzidi Kiongozi. Inasemekana zamani kulikuwa na Naibu aliyepigiwa makofi mazikoni kuliko Kiongozi wake, wafuasi wakashikana mashati, kisha wakashikiana mapanga, na waliokufa walikuwa wengi. Wakubwa wa Chama wakakaa wakakata shauri kwamba Naibu asimzidi Kiongozi kwa kitu chochote: kimo, sauti, elimu, afya, wingi wa watoto, hata utamu wa usingizi. Na kwa kuwa Kiongozi akifa hurithiwa na Naibu wake, na si mwingine, msomaji anaweza kuona mwenyewe mambo yanaelekea wapi. Wenyeji wawili watatu niliwaeleza hilo. Walinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha wakaniuliza bei ya mapazia.

Mheshimiwa Ngwamba alikuwa mzee mgonjwa, mguu mmoja mfupi, sauti ya kunong'ona, asiye na mtoto. Naibu wake alikuwa amefariki kwa kujitahidi kuwa mgonjwa kuliko yeye. Nafasi ikawa wazi, na waliojitokeza kuigombea walikuwa watu wawili. Mmoja alikuwa Daruweshi Kungu, mkulima tajiri wa bondeni. Wa pili alikuwa mwenyeji wangu.

Nitasema kweli kuhusu Shekuwe: sijakutana na mtu mwenye sauti kama ile. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti inayomfanya mtu aone haya kuendelea na upuuzi wake. Kazi yake ilikuwa kupatanisha wakulima na wafugaji wa nyanda za juu, na mara moja nilifuatana naye. Koo mbili zilikuwa zimesimama mpakani na marungu mkononi. Shekuwe akaingia katikati, akaanza kuzungumza kuhusu mvua, kuhusu babu zao, kuhusu ng'ombe mmoja mkorofi ambaye kila mtu alimjua. Tulipoondoka, mfugaji alikuwa akimwazima mkulima kamba ya kufungia mzigo. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kama mtoto.

Jioni ile ile, tukila, Shekuwe akasema, "Kesho nakwenda Ofisi ya Upunguzo. Sauti tu. Mguu watanifunga gango la mti mpaka uzoee kuchechemea, haliumizi."

Bi. Mwanate akaacha kula. "Na ukishaitoa hiyo sauti, utairudishaje?"

"Nikishakuwa Kiongozi, nani atanipima?"

"Utakuwa Kiongozi wa kunong'ona."

"Mke wangu, maji mnayoyangoja kule kwenu nyanda za juu hayataletwa na maneno yangu ya mipakani. Yataletwa na mtu aliye ndani. Nikishaingia ndani, ndipo utaniona."

"Zile sanamu zote za njiani zilisema hivyo," akasema Bi. Mwanate. "Mgeni wetu, hebu mwambie. Wewe ni mtu wa nje, labda atakusikia."

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba kwetu mtu mwenye kipaji kama chake angeombewa dua asiugue hata mafua. Akanisikiliza akitabasamu, akanijazia bakuli mchuzi, akasema kwa sauti ile ile nzuri, "Bwana mgeni, kwenu hamna utaratibu." Nikaunywa ule mchuzi, na nikajichukia kwa hilo.

Ofisi ya Upunguzo ni jengo jeupe lenye maua mlangoni. Mkuu wake, Bwana Mtengo, ni mtu mpole mwenye mikono misafi, na nilimchukia tangu aliponivutia kiti. Humo wagombea hupewa dawa za majani za kupunguza walichozidi. Bwana Mtengo alinieleza kwamba zamani watu walililia vitu vyao, lakini siku hizi wengi huja wenyewe mapema, wakiwa vijana, kabla hata hawajajua wana nini. "Kinga ni rahisi kuliko tiba," akasema. Shekuwe akanywa kikombe kimoja cha maji ya kijani, akakohoa sana, akafuta midomo, akajaribu kunishukuru kwa kumsindikiza. Niliona midomo ikicheza. Nilichosikia kilikuwa kama mtu anayeburuta ndala chumba cha pili.

Zile koo mbili zikagombana tena juma lile lile. Walimwita, naye akaenda akichechemea na gango lake, akasimama katikati kama kawaida yake, akafungua mdomo. Hakuna aliyesikia. Walimsubiri kidogo, kwa heshima, kisha wakapigana. Yule mkulima aliyeazimwa kamba alipoteza jicho. Shekuwe alirudi nyumbani akakaa ukutani bila kuvua viatu, na mkewe akamwosha damu ya watu wengine iliyomrukia kwenye kanzu. Mimi nilitoka nje, nikajitia kukunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa.

Siku zilizofuata, Baraza la Vipimo lilikaa kusikiliza mapingamizi, na mimi nikakalishwa mbele kama shahidi. Pingamizi la kwanza lilikuwa juu ya Daruweshi, ambaye alikuwa na watoto pacha, wakati Kiongozi hana hata mmoja. Daruweshi alikuwa amejiandaa. Aliapa mbele ya baraza kwamba watoto wale ni wa dada yake, na wale pacha, ambao walikuwa wamefundishwa, wakamwita mjomba mbele za watu. Baraza likaridhika. Nilimwona Daruweshi akitazama sakafu kwa muda mrefu baada ya hapo.

Shekuwe upande huo hakuwa na tatizo. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Bi. Mwanate alikuwa ameharibikiwa na mimba zaidi ya mara moja, na wapambe wa mumewe walikuja nyumbani wakimshika mkono na kumpongeza. "Umemfaa sana mgombea wetu, mama," walimwambia. Aliwapa chai. Sijui nguvu ya kuwapa chai aliitoa wapi, mimi ningewamwagia.

Halafu mjumbe mmoja akasimama akaleta hoja kwamba Kiongozi hana mtu anayempenda, ilhali inajulikana mji mzima kwamba Shekuwe anapendwa na mkewe, na kwamba huko ni kuzidi. Wakajadili tangu asubuhi. Wengine walisema mapenzi ni mali, wengine wakasema ni maradhi, na kama ni maradhi hayana ubaya. Mwisho wakakubaliana kwamba vifaa vilivyopo haviwezi kuyapima, hoja ikawekwa kando mpaka vipatikane. Niliwatazama usoni mmoja mmoja nikitafuta aliyekuwa akifanya mzaha, nikakosa.

Siku ya kipimo cha mwisho ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kwa desturi, Kiongozi hukaa nyuma ya pazia, akapimwa yeye kwanza, kisha wagombea wakapimwa kwa kumlinganisha naye. Bwana Mtengo akaingia nyuma ya pazia na kamba zake za kupimia. Akakaa sana. Alipotoka, uso wake haukuwa na mabadiliko yoyote.

"Sauti, hana," akatangaza. "Mwendo, hana. Pumzi, hana."

Watu wakainuka, wakakaa. Nilisikia mwanamke mmoja akianza kulia, akanyamazishwa. Nilidhani mkutano umekwisha, nikashika kofia yangu.

Haukuwa umekwisha. Mwenyekiti wa baraza akaeleza, kwa utulivu wa mtu anayesoma bei ya mahindi, kwamba Kiongozi hazikwi kabla ya kuwapo Naibu wa kumrithi, kwa hiyo uchaguzi hauwezi kuahirishwa. Na Naibu asimzidi Kiongozi. Na Kiongozi, kwa kipimo kilichosomwa sasa hivi, hana pumzi.

Mjumbe mmoja mzee, Bi. Salale, aliyekuwa hajafungua kinywa siku zote zile, akasimama akiegemea kiti. "Wenzangu," akasema, "hapa si ndipo sheria ilipofika mwisho wake?"

"Sheria haina mwisho, mama," akajibu mwenyekiti. "Wajumbe ndio wana mwisho."

Bi. Salale akakaa. Nilitegemea mtu mwingine asimame. Ukumbi ule ulikuwa na watu waliosoma, watu wenye wajukuu, watu niliokunywa nao kahawa. Wote walikuwa wakiwatazama wagombea, waone nani ataanza kulala chini.

Wakalala wote wawili kwa pamoja, mbele ya lile pazia, mikono ubavuni. Utaratibu ukasomwa. Kwanza, Mwito: ndugu wa kila mgombea watamwita kwa zamu, na atakayejibu au kutikisika, amezidi. Asiyetikisika ndiye Naibu. Kisha atapewa bakuli la Bwana Mtengo la kumthibitisha, kwa sababu kulala tu si kutokuwa na pumzi. Bakuli lenyewe lilikuwa tayari mezani, limefunikwa kwa kitambaa safi. Nilikitambua kitambaa. Nilikuwa nimemuuzia mimi.

Zamu ya Daruweshi ikaja kwanza. Dada yake akawaleta wale pacha, wakasimama miguuni pake. "Mjomba," wakaita, kama walivyofundishwa. Halafu mmoja wao, yule wa kike, akashindwa, akaita, "Baba. Baba, amka." Ukumbi ukaguna. Daruweshi hakutikisika. Machozi yalimtoka kwenye pembe za macho yakaingia masikioni, lakini baraza likaamua kwamba machozi hayamo katika orodha ya vipimo.

Kisha Bi. Mwanate akasogea. Hakusimama miguuni. Alikwenda akapiga magoti karibu na kichwa cha mumewe, akainama, akazungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwamsha mwenzake aende kazini.

"Shekuwe. Ni mimi. Sikuombi uongee, najua huna sauti. Inua kidole tu, twende nyumbani."

Nilikuwa nimekaa karibu nao kuliko mtu yeyote. Niliona shingo yake ikikaza. Niliona kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikiinuka kutoka sakafuni, kidogo sana, kisha kikashuka.

Mwenyekiti akanigeukia. "Bwana shahidi. Umeona kitu?"

Moyo ulinidunda mpaka nikaogopa wataupima na huo. "Nimeona," nikasema. "Kidole kimeinuka."

Nilidhani nimemwokoa mtu. Niliwaza hivyo kabisa, kwa maneno hayo hayo, na nikamwona Bi. Mwanate akifumba macho na mabega yake yakishuka. Mwenyekiti akatangaza kwamba Shekuwe Mandara amemzidi Kiongozi, na kwamba Naibu mteule ni Daruweshi Kungu. Makofi yakapigwa. Daruweshi akaketi, akapewa bakuli.

Akalishika. Akalitazama. Wale pacha walikuwa bado wamesimama palepale, na yule wa kike alikuwa amemshika kaka yake shati. Daruweshi aliwatazama wao, akalitazama bakuli, akaliinua nusu, akalishusha, dawa ikamwagikia vidoleni. "Subirini," akasema. "Subirini kidogo." Na walimsubiri, maana kwao haraka ni utovu wa adabu.

Ndipo Shekuwe alipoinuka. Alikuja akichechemea, mkono mmoja umeinuliwa kama mwanafunzi anayetaka kuuliza swali, akamnong'oneza mwenyekiti sikioni. Mwenyekiti akatutangazia: mgombea anakata rufaa. Anasema kidole hakikuinuka. Anasema ni upepo wa dirishani.

"Hakukuwa na upepo," nikasema. "Jamani, mimi nilikuwa hapo hapo."

Baraza likainamiana vichwa. Uamuzi haukuchukua muda: mtu anakijua kidole chake kuliko mgeni. Rufaa imekubaliwa. Naibu mteule ni Shekuwe Mandara, ikiwa yuko tayari kuthibitishwa.

Bi. Mwanate akamshika mkono wa kanzu. Mumewe akamgeukia, na kwa kuwa nilikuwa baina yao na meza, nilisikia yote.

"Nimeshatoa sauti," akanong'ona. "Nimeshatoa mguu. Siwezi kurudi nyumbani bila kitu."

"Rudi bila kitu," akasema mkewe. "Rudi hivyo hivyo. Nani amekuomba kitu?"

Alimtazama. Nataka niwe mwadilifu kwake: alimtazama kwa muda, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetaka kwenda nyumbani. Kisha akavitoa vidole vya mkewe kanzuni kimoja kimoja, taratibu, bila kumuumiza. Akalichukua bakuli mikononi mwa Daruweshi, ambaye aliliachia upesi. Akanywa, akalala chini pale pale alipokuwa amelala mwanzo. Ukumbi mzima ukasimama kwa heshima. Bwana Mtengo akapiga magoti, akamwekea kioo puani, akangoja, akakitazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Ilitangazwa kwamba Naibu amepatikana kwa haki. Kisha, kwa kuwa Kiongozi alikuwa amefariki na Naibu hurithi papo hapo, ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Shekuwe Mandara sasa ndiye Kiongozi wa Chama cha Kamba Moja. Kisha ikatangazwa kwamba nafasi ya Naibu iko wazi. Nilipokuwa natafuta njia ya kutoka, tayari kulikuwa na foleni mezani kwa karani. Daruweshi hakuwemo. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma amewabeba pacha wote wawili, na waliosimama kwenye foleni walikuwa wakisema kwamba huyo hakuwahi kuwa na moyo wa Chama.

Nilimkuta Bi. Mwanate nje, kwenye ngazi. Alikuwa ameomba mwili wa mumewe akauzike, akajibiwa kwamba Kiongozi ni wa watu wote na kwamba nyuma ya pazia kuna kiti chake. Hakuwa akilia. Nilisimama mbele yake nisijue niweke wapi mikono yangu.

"Mgeni wangu," akasema. "Nikuulize, na uniambie kweli. Kile kidole ulikiona, au ulinihurumia tu?"

"Nilikiona, Bi. Mwanate. Kiliinuka."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehakikishiwa jambo alilokuwa akilijua.

"Basi alinisikia," akasema. "Alinisikia vizuri, na bado akaenda kunywa."